Herufi mbili hazimfichi mtoto

Nilipoanza kuandika habari za mahakama huku Pwani, niliona nimemlinda mtoto wa kesi ya unajisi kwa kuweka herufi mbili badala ya jina. Halafu nikataja kijiji, darasa la tano, na kwamba babake huuza madafu karibu na stendi ya matatu. Siku mbili baadaye mamake akanipigia simu. Hakunifokea. Aliuliza tu: “Kaka, sasa mwanangu nimpeleke skuli gani?”

Ndipo nikaisoma vizuri Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kifungu cha 31 kinamruhusu hakimu kukataza kuchapishwa kwa jina la mlalamishi, na hata habari yoyote itakayofanya yeye au jamaa zake watambulike. Yale madafu yangu yalikuwa habari ya aina hiyo.

Sisemi rekodi zifungiwe kabatini. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na faili isiyoulizwa na mtu ndiyo hupotea. Nimeona kesi ya unajisi ikiahirishwa kwa kuwa fomu ya P3, ile ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha, haimo kwenye faili. Hilo lazima watu walijue.

Kwa hiyo ukiomba habari kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, uliza ofisi ilifanya nini: kesi ngapi ziliripotiwa, ngapi zilifika kortini, ngapi ziliondolewa na kwa nini. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Ukitaka ukurasa wa OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, wenye majina ya waathiriwa, usishangae kunyimwa. Sheria hiyohiyo inalinda faragha.

Kinachonitoa jasho hadi leo ni kesi ya baba na bintiye. Jina la mshtakiwa ndilo jina la mtoto. Mimi huliacha, nikaandika kosa, korti na kifungo. Wenzangu wengine hutaja jina wakaficha undugu. Basi gazeti moja likifanya hivi na jingine vile, msomaji anaunga vipande kabla chai haijapoa. Kubalianeni pale pale kwenye benchi la waandishi.

Mzazi, mwambie mwendesha mashtaka aombe amri ya kukataza jina kuchapishwa kabla mtoto hajaanza kutoa ushahidi. Hukumu huwekwa mtandaoni. Ukikuta jina limeponyoka katikati ya aya, usiisambaze hata kwa kulalamika. Mwandikie msajili wa korti hiyo, utaje namba ya kesi na aya yenyewe.