Kutoka Karakana ya Jeshi hadi Uhandisi wa Uraiani

SWALI: Ndugu Mhariri, nimelitumikia jeshi kwa miaka mingi nikiwa ofisa wa matengenezo ya magari. Sasa nimestaafu na nimeajiriwa kuwa mhandisi katika kampuni ya usafirishaji. Nilizoea kutoa amri na kazi ikafanyika, lakini huku kila kipuri ninachokiomba naulizwa gharama yake. Je, ujuzi wangu una thamani uraiani?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuelewa vyema, kwa kuwa nami nilivua sare nikiwa na wasiwasi huo huo. Thamani ipo, ila kipimo cha kazi kimebadilika. Jeshini gari hupimwa kwa utayari wake: laweza kukaa ghalani kwa miezi kadhaa, kisha likahitajika alfajiri moja, nawe ndiwe utakayeulizwa ikiwa betri imeisha chaji, sili (mipira ya kuzuia uvujaji) zimekauka, au maji yamejikusanya chini ya tangi la dizeli na kuotesha vijidudu vinavyoziba chujio. Lori la kampuni hutembea kila siku. Adui yake ni uchakavu, na hupimwa kwa gharama ya kila kilomita na kwa saa linazolala karakanani.

Hapo ndipo mazoea yako ya kuweka kumbukumbu yatakapokufaa. Kila oili inapobadilishwa, peleka sampuli ya oili iliyotumika maabara: silikoni, elementi iliyomo mchangani, ikiongezeka, mara nyingi ni vumbi linalopenya kwenye njia ya hewa; metali za risasi na shaba zikipanda, shuku kulika kwa beringi za injini. Mwonyeshe meneja mwenendo wa vipimo hivyo, na kando yake uweke bei ya chujio la hewa na bei ya kufumua injini nzima. Binafsi sijaona hoja inayomshawishi mhasibu kuliko hiyo.

Jambo moja liache jeshini, nalo ni kung'oa vipuri vya gari bovu ili kulifufua jingine. Vitani huokoa maisha. Katika kampuni huficha gharama halisi, na lile gari bovu hugeuka mzoga usiouzika.

Kuhusu mafundi, hawatakutii kwa cheo ulichokuwa nacho, kwa hiyo waeleze sababu ya kila agizo na uwasikilize wanapokupinga, maana wao ndio wanaoyajua magari hayo. Aidha, unapoomba kusajiliwa na bodi ya wahandisi, usitegemee jina la cheo chako: andika ulisimamia magari mangapi, ya aina gani, na mafundi wangapi.