Barua kwa mwanangu: anza na miji ya karibu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ununue pasi ya treni ya nchi nyingi kwa ajili ya wikendi za muhula wako huko Ujerumani, au uzunguke kwanza karibu na chuo. Anza karibu. Pasi ile inamfaa mtu anayesafiri siku mfululizo. Wewe una Jumamosi na Jumapili tu, na huenda nauli umeshailipa bila kujua.

Tazama risiti ya ada ya muhula. Vyuo vingi vimeingiza humo Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kufika 58 mwaka 2025. Ukilazimika kuinunua mwenyewe, ujue inajirudia kila mwezi: usipoisitisha kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena.

Inakubalika kwenye treni za mikoa, zenye herufi RE, RB na S, na kwenye mabasi na tramu za mijini. Treni za mwendo kasi za ICE hazimo. Ukipanda kwa tiketi hiyo, unahesabiwa huna tiketi. Kwenye programu ya ratiba, chagua usafiri wa karibu peke yake kabla hujatafuta safari. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo beba kitambulisho, na simu iwe na chaji mpaka mwisho wa safari.

Kinachowapoteza wageni zaidi ni treni kugawanyika. Baadhi ya treni za mikoa hukatwa njiani: mabehewa ya mbele yanaelekea mji mmoja, ya nyuma mwingine, na tangazo huenda likatolewa kwa Kijerumani tu, nawe umeshakaa na kufungua kitabu. Soma ubao wa jukwaani, kisha usome tena maandishi ya kwenye behewa lenyewe. Yakipingana, muulize kondakta kabla mlango haujafungwa.

Ukibadilisha treni, jipe angalau dakika 15. RE ikichelewa kidogo, mara nyingi husimamishwa kando ili ICE ipite, na dakika tano zinakuwa ishirini. Ndiyo maana nakuomba utafute treni ya kurudi kabla ya ile ya kwenda, na usiitegemee ya mwisho, lenga iliyoitangulia. Mabasi ya vijijini Jumapili ni machache mno, na maduka mengi hufungwa, basi chakula nunua Jumamosi.

Wenzako wasio na tiketi wanunue Länder-Ticket, tiketi ya siku moja ndani ya jimbo moja, kwa watu hadi watano. Siku za kazi tiketi hiyo huanza kutumika saa 3 asubuhi na kuisha saa 9 usiku wa kuamkia kesho yake.

Deutschlandticket inakufikisha hata Salzburg, Austria. Hapo beba pasipoti yenyewe na kadi ya ukaazi, picha ya simu haitoshi, maana polisi hukagua treni mpakani. London na Dublin ziko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na huenda ukahitaji viza nyingine. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja na kadi haijatoka, usiende, mwanangu. Unaweza kuzuiwa kurudi katikati ya masomo.

Niandikie mji uliouchagua kwa Jumamosi hii, tuikague ratiba pamoja.

Mama yako