Antivairasi Nayo Ina Matundu: Niliyojifunza Nikitunza Kompyuta Kirumba

Kwa miaka sita nimekuwa nikitunza kompyuta za ofisi moja ya mizigo na steshenari mbili hapa Kirumba, Mwanza, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mashine yenye antivairasi imekwisha kulindwa. Imani hiyo ilinitoka siku mfanyabiashara wa dagaa alipoleta fleshi ili achapishiwe orodha ya mzigo wa kwenda Tunduma. Kila mara antivairasi ilipofikia faili moja la RAR, yaani furushi la mafaili yaliyobanwa, ilizimika, ikajiwasha, ikazimika tena, huku mteja amesimama mlangoni na dereva anampigia simu. Faili lenyewe halikuwa na kirusi chochote. Liliharibika tu wakati wa kunakiliwa. Usiku ule nilijiuliza: ikiwa faili bovu limeweza kuiangusha, lililotengenezwa kwa makusudi litaifanyia nini?

Antivairasi hufungua kila kinachoingia, iwe barua pepe, picha au mafaili yaliyobanwa, kabla mwenye mashine hajakigusa, na mara nyingi huifanya kazi hiyo kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Nyingi zimeandikwa kwa C na C++, lugha ambazo humwachia mtengenezaji wa programu jukumu la kupima mwenyewe nafasi ya kumbukumbu. Aliyewahi kupokea mzigo pale soko la dagaa la Mwaloni ataelewa haraka: gunia limeandikwa debe sita, ndani mna nane, na mpokeaji asiyepima akimimina, za ziada zinamwagikia kwenye beseni la jirani. Faili nalo linaweza kudanganya kuhusu ukubwa wake, na data inayomwagika ikaangukia mahali panapohifadhi maelekezo ya programu. Hapo mshambuliaji anaweza kuendesha amri zake kwa mamlaka ya antivairasi yenyewe, hata kama mtumiaji ameingia kwa akaunti ya kawaida.

Haya yamekwisha kutokea. Mwezi Mei 2017, Tavis Ormandy na Natalie Silvanovich wa Google walionyesha kwamba injini ya Microsoft Defender, yaani sehemu inayofungua na kukagua mafaili katika antivairasi inayokuja na Windows, ingeweza kutekwa na barua pepe ambayo mpokeaji hajaifungua, na Microsoft wakaziba tundu hilo ndani ya siku chache. Lililonigusa zaidi ni la Aprili 2018, kwa sababu lilihusu RAR: Microsoft walikuwa wamechukua msimbo wa unrar, programu ya kufungulia mafaili ya RAR, na kugeuza namba zinazoweza kuwa hasi ziwe chanya tupu, hivyo ukaguzi uliokuwa ukizuia hesabu hasi ukakosa maana. Mwaka 2023 ikawa zamu ya ClamAV, antivairasi nyingine ambayo hutumika sana kwenye seva za barua pepe.

Ushauri wangu si kuiondoa antivairasi. Kosa langu lilikuwa kuzima masasisho ili kuokoa bando, nikidhani kinachokosekana ni orodha ya virusi vipya tu. Orodha ni kitu kimoja na injini ni kingine. Matundu ninayoyasema yako kwenye injini, ambayo kwa Defender hutolewa mpya takriban kila mwezi. Fungua mipangilio ya Windows Security, nenda sehemu ya maelezo ya programu, usome toleo la injini pamoja na toleo la orodha. Kwangu injini ilikuwa ya zaidi ya mwaka mmoja, na niliona aibu.

Hatua ya pili ni kuifungia antivairasi ndani ya chumba chake. Tangu Oktoba 2018, Defender inaweza kusomea mafaili ndani ya mchakato wenye mamlaka madogo. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika setx /M MP_FORCE_USE_SANDBOX 1, nikawasha mashine upya, kisha nikahakikisha kwamba MsMpEngCP.exe imetokea kwenye orodha ya michakato. Jaribu kwanza kwenye mashine moja kabla ya kuigusa ya mhasibu.

Usiweke antivairasi mbili ukidhani ulinzi unaongezeka, maana unaongeza wafungua mafaili wenye mamlaka makubwa. Ile ya kuvunjwa leseni, ambayo mafundi wengine huuza kwa fleshi, sitaki hata kuijadili. Pale steshenari fleshi za wateja sasa huchomekwa kwenye kompyuta moja isiyounganishwa na zile zinazohifadhi hesabu. Wateja hulalamikia foleni, nami huwaomba radhi.

Kuhusu bando, kila Jumatatu asubuhi napakua faili la mpam-fe.exe mara moja tu kutoka tovuti ya Microsoft, nikichagua la Windows ya biti 64. Faili hilo hubeba orodha na injini kwa pamoja, kwa hiyo nalizungusha kwa fleshi yangu mwenyewe, kuanzia ofisi ya mizigo hadi steshenari ya mwisho, na kila mashine nasoma toleo la injini kabla sijachomoa.