Maswali yenu: wimbo huwa wa zilipendwa lini?

Wiki hii ujumbe mwingi umehusu nyimbo za zamani. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo. Nina miaka 22. Wimbo unatakiwa uwe na umri gani ndipo uitwe zilipendwa? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Umri peke yake hautoshi. Zipo nyimbo za mwaka 1975 zilizolala tangu 1976 na hakuna anayeziulizia. Neno lenyewe linatupotosha kidogo: zilipendwa, kana kwamba mapenzi yalikwisha. Mimi natazama ukumbini. Kwenye harusi moja Tanga, DJ alipopiga "Sina Makosa" ya Les Wanyika, shangazi wa bibi harusi aliinuka kwanza, kitenge mkononi. Wakafuata akina mama wa umri wa kati. Halafu watoto waliokuwa wakigombania soda nyuma ya viti wakaacha ugomvi, wakaitikia kiitikio bila kukosea. Hakuna aliyewakalisha chini kuwafundisha. Wimbo ukichukuliwa na mtu ambaye hakuwepo ulipotoka, akauimba kama wake, huo umevuka. Kwa kipimo hicho, baadhi ya nyimbo za bongo fleva za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimeshaanza kuvuka, na mimi nafurahi.

Kwa nini nyimbo za zamani ni ndefu hivyo, na bado hatuchoki kuzisikiliza? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili nimelisubiri siku nyingi. Santuri ndogo ya mzunguko wa 45 ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande wa A, sehemu ya pili upande wa B. Uliinuka, ukaigeuza santuri, ukarudi kukaa. Muziki wetu wa dansi ulikubaliana na mgawanyo huo. Mwanzo unakwenda taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake. Kisha mwendo unapanda, linaingia chemko, maneno yanapungua na magitaa yanashika usukani. Upande mmoja ulikuwa wa masikio, wa pili wa miguu.

Sasa usikilize tena huo wimbo wa Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mjini Nairobi mwaka 1978. Zima kila kitu, sikiliza gitaa la ridhimu peke yake. Linarudia mkato uleule tangu mwanzo, halikimbilii popote. Besi inaacha mapengo, na mwili wako ndio unaoyajaza, ndiyo maana bega linatikisika kabla hujaamua kucheza. Juu yake kuna mtu anayejitetea mbele ya mwenye hasira kwamba hana kosa. Kisa hakina mtaa wala tarehe. Yeyote aliyewahi kusingiziwa anaweza kuingia humo na kujiona. Mtunzi angejaza maelezo zaidi, wimbo ungebaki wa kwake mwenyewe.

Je, ni lazima nielewe maneno? Mume wangu anasema naimba "Kasongo" kama kasuku. (Msomaji, Kisumu)

Imba tu, dada. Super Mazembe walitoka Zaire wakafanya makao Nairobi miaka ya 1970, na wimbo huo wakauimba kwa Kilingala. Mwanamke anamwita mumewe arudi nyumbani. Wakenya wengi waliupenda bila kujua hilo, wakashika jina na sauti ya kuita. Wito unaeleweka kwa lugha yoyote. Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya waliurudisha kwa nguvu mitandaoni, wakaufanya jina la utani la kisiasa, jambo ambalo waliourekodi hawakuliwazia. Wimbo uliozeeka vizuri hukubali kupewa kazi mpya.

Mwanangu anasema wimbo uliotazamwa mara milioni kumi tayari ni wa kudumu. Nimjibu nini? (Msomaji, Mwanza)

Mwambie hesabu hiyo inaonyesha waliofungua. Muulize wangapi watarudi miaka kumi ijayo. Sisi tulikuwa na kadi za salamu. Uliinunua dukani, ukaandika majina ya ndugu na marafiki kwa mwandiko wa kubana ili wote waenee, ukataja wimbo, ukaipeleka redioni, kisha ukakaa kando ya redio siku kadhaa ukisubiri kusikia jina lako. Mtu aliyepata taabu yote hiyo kwa ajili ya wimbo ambao tayari ulikuwa na miaka minane alikuwa amepiga kura nzito sana.

Tumebishana na shemeji: "Malaika" ni wimbo wa nani, na si Miriam Makeba aliyeukuza? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kuhusu mtunzi, mzozo ni wa miaka mingi, na wapo wanaomtaja Adam Salim. Aliyeufanya ujulikane kwa kuurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni Fadhili William wa Kenya, aliyefariki mwaka 2001. Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, baadaye wakaja Boney M na Angélique Kidjo. Hao waliufikisha mbali, lakini huku kwetu ulishakuwa na miguu yake. Kijana anampenda msichana na hana mali ya kumwoa. Hapo pana uchungu ambao kila kizazi kinaukuta mezani siku ya kupanga mahari, na sauti ya wimbo imelainika kiasi kwamba hata mtoto mchanga anabembelezewa nao.

Linaloniuma katika mabishano haya ni jingine. Wanamuziki wengi wa enzi ile walilipwa mara moja, wakatoka studio, na mrabaha haukuwafikia. Tunaimba kazi zao kila Jumamosi na hatujui hata majina ya wapiga gitaa. Wewe na shemeji mkimaliza kubishana, tafuteni nani alipiga besi kwenye wimbo mnaoupenda kuliko yote, mtajeni siku wimbo huo utakapopigwa.

Kwa kuwa msomaji huyohuyo ameniambia marehemu baba yake aliacha kasha la santuri: zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Ziweke mbali na dirisha, jua linazipinda. Usizifute kwa kitambaa kikavu chenye vumbi. Mtafute mwenye gramafoni nzima akuhamishie sauti kwenye kompyuta, pande zote mbili. Na kwenye kila ganda andika kwa penseli wimbo ambao baba alikuwa akiuweka akirudi kutoka kazini.