Re: Mume akinikosoa naacha mazoezi kabisa

Dada pole, umesema kila ukirudi kukimbia mumeo anakuuliza "ndo umemaliza tayari?" na saa ya mkononi nayo inakuonyesha hatua 6,000 tu mpaka morali imeisha. Mi sioni uvivu hapo. Deci na Ryan, wale wanasaikolojia, walishaeleza kwamba mtu anadumu na kitu akijiona anakiweza na amekichagua mwenyewe, sasa maneno ya kubeza yanaua yote mawili kwa mpigo. Mwombe ataje kitu kimoja alichokiona kweli, mfano "leo umepanda kile kilima bila kusimama", hiyo inakaa moyoni kuliko "hongera" ya juujuu. Na hizo hatua 10,000 kwa siku ambazo watu wanasema lazima uzifikishe zisikuumize kichwa bana, zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani 1965, hakuna daktari aliyekuandikia (Shirika la Afya Duniani, WHO, wenyewe wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, mazoezi ya wastani tu). Mi saa yangu nimeizima milio yote, naifungua jumapili nalinganisha na wiki yangu iliyopita, basi.