Likizo bila malipo na pensheni ya PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma Tanzania)

Likizo ya mwaka na ya uzazi hazikuathiri, maana mshahara unaendelea na michango (5% yako, 15% ya mwajiri) inakatwa kama kawaida. Bila malipo ndipo kuna shida: hakuna mshahara, hakuna mchango, na miezi hiyo haihesabiki.

Pensheni ya mwaka ni 1/580 × miezi uliyochangia × wastani wa mshahara wako wa mwaka. Kwa wastani wa milioni 14.4, likizo ya miezi 24 inakupunguzia kama 595,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa mkupuo (sehemu inayolipwa mara moja unapostaafu). Ukikaribia miezi 180 piga hesabu kwanza; chini ya hapo hakuna pensheni ya kila mwezi. Ukirudi kazini, angalia taarifa ya michango. Kuna waajiri husahau kuanza tena kukata michango.