Re: Uingereza sehemu mbili kwa wakati mmoja, Januari 1930?

Mambo mkuu. Umeuliza inakuwaje timu ya kriketi ya Uingereza ianze testi (mechi rasmi ya kimataifa ya siku kadhaa) Christchurch, New Zealand, tarehe 10 Januari 1930 halafu kesho yake iko Barbados. Tarehe ziko sawa kabisa, usifute kitu, mi nilishafuta mstari mmoja kwenye orodha yangu nikajuta. Cheki kwanza jina la kepteni: Harold Gilligan aliongoza Waingereza walioenda New Zealand, Freddie Calthorpe wale walioenda West Indies (visiwa vya Karibi, Barbados ikiwemo), maana Uingereza walituma timu mbili kwa mpigo na zote zinahesabika rasmi, testi nne nne. Ya mwisho ya West Indies, kule Kingston, Jamaica, ndo utamu, Sandham wa Uingereza kapiga mikimbio (pointi za kriketi) 325, Headley wa West Indies naye 223, siku 9 na hakuna mshindi sababu Waingereza wanawahi meli, na eti mechi ilikuwa haina kikomo cha siku!